Mdomo wa Kuazima

Zedekiah Were alikuwa na kipaji cha kuwapatanisha watu ambao hata hawakujua kuwa wamekosana. Kipaji hicho kilianzia kanisani. Alipofika Nairobi mwaka wa sitini na nne, akiwa bado amejibanza kwa binamu yake katika chumba cha ghorofani River Road, alichaguliwa kuwafasiria wahubiri wa Kizungu waliokuja Jumapili. Mhubiri akifoka kwamba waumini hawa ni walevi wa kutupwa, Zedekiah alivuta pumzi, akasema, "Ndugu wapendwa, mgeni wetu anatuomba tujitahidi zaidi." Waumini wakinung'unika kwamba mzungu huyu naye anaongea sana na njaa inauma, Zedekiah alimgeukia mhubiri na kumwambia wamebarikiwa mno. Basi watu wakashikana mikono mlangoni kwa furaha, kila mmoja hana habari mwenzake amemwitaje. Usimcheke. Ndivyo alivyolelewa kwao Bunyore. Mgeni akionekana tu njiani, mama yake aliwanyamazisha watoto, ugomvi ukafungiwa jikoni, na mgeni akaingia katika nyumba inayocheka.

Miaka ikapita. Akapata kazi ya ukarani, akamwoa Lornah, msichana wa Kijaluo kutoka upande wa Yala, wakapanga chumba Satellite, kule Riruta. Halafu akaajiriwa kuwa mkalimani wa shirika moja la wafadhili kutoka Ulaya lililoitwa Ujirani, lenye ofisi mjini. Shirika hilo lilisaidia mitaa ya watu waliochanganyika, na lilikuwa na sharti moja tu: kila mtaa uwe na kamati ya watu wa kila namna, wenye nyumba na wapangaji, wanaume na wanawake, na kabila lisiulizwe. Kamati ikipatikana, shirika linaleta maji au linajenga ukumbi. Tangu machafuko ya kisiasa ya mwaka wa sitini na tisa, watu wa makabila tofauti walikuwa wanaangaliana kwa jicho la pembeni, kwa hiyo sharti lenyewe lilikuwa na maana.

Mkuu wa mradi aliitwa Madam Karin, mama mrefu, mpole, aliyekaa Kitisuru mahali ambapo miti ni mingi kuliko majirani. Aliamini sharti lile kwa moyo wake wote. Lakini Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante", na mengine yote aliyasikia kupitia kwa Zedekiah.

Mwaka wa sabini na nne ikawa zamu ya Satellite kupata mfereji wa maji, wa kuchotea mtaa mzima. Kikao kikaitishwa kwa Bwana Ndungu, mwenye nyumba nyingi za kupangisha na mwenyekiti wa kamati. Ndungu alikuwa mkarimu, tusimpunje. Alitoa viti vya sebuleni nje kwenye nyasi, na vitambaa vyake vya kushonwa juu, na mke wake akapika chapati zilizojaza ua mzima harufu. Wanakamati walikaa mbele. Wote walikuwa wenye nyumba, ila hilo mgeni angelijuaje? Wapangaji walipangwa nyuma, wakatabasamu walipoambiwa watabasamu.

Madam Karin akauliza, kama alivyouliza kila mahali, "Kuna mwenye neno tofauti?"

Akasimama Peres. Huyu alikuwa mshonaji wa nguo, mjane, amepanga mlango wa tatu kutoka kwa Zedekiah. Alikuwa wa kwao Lornah, kwa hiyo Zedekiah alikuwa shemeji yake, na neno hilo Peres hakulitumia kwa mzaha. Mtoto wa Zedekiah alipougua surua, ni Peres aliyembeba mgongoni mpaka zahanati.

"Shemeji," alisema, "mwambie huyu mama hivi, na usipunguze. Hii kamati anaonyeshwa ni ya wenye nyumba peke yao. Sisi tumeitwa hapa kujaza viti. Mwambie mwaka jana tulikosana na hawa watu kidogo tu, wakatufungia kisima, watoto wetu wakakunywa maji ya mtaroni. Sasa hii mfereji ikiwekwa ndani ya ua ya mzee, siku tukikosana tena, itafungwa tena. Sisi tunataka iwekwe barabarani, na watu wetu wakae kwa kamati. Ni hayo."

Ndungu alitazama ndani ya kikombe chake utadhani kuna kitu kimezama humo. Mke wake alibaki ameshika birika hewani. Madam Karin alikuwa anangoja, uso umemchangamka, na Zedekiah akaona aibu ikimpanda mwilini mpaka masikioni. Chapati ya mtu iko mkononi mwake! Umvue nguo mwenye mji mbele ya mgeni, tena uani kwake? Akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anashukuru sana, kwamba watoto wamepata taabu ya maji, na kwamba anaomba maji hayo yamfikie kila mtu. Kuhusu ua, kisima na kamati hakusema kitu.

Madam Karin aliweka mkono kifuani, akamwinamia Peres kichwa. Peres akakaa. "Amesikia," aliwanong'oneza wenzake.

Zedekiah alijituliza kwamba atamweleza Madam ofisini, polepole, bila kumwaibisha mtu. Jumatatu akafika mapema, maneno ameshayapanga. Madam akaingia huku anacheka. Alikuwa amezungumza na wakubwa wake kwa simu. Walikuwa wamefurahi ajabu, Satellite ndiyo ya mfano, watu wanasema kwa sauti moja! Zedekiah akafungua mdomo.

"Nikuletee chai, Madam?" akasema.

Oyaa! Mtu mzima na akili zake.

Jumapili iliyofuata Peres alibisha hodi na kuku mkononi, jogoo mwekundu, na karanga zilizotoka nyumbani. "Shemeji, umenisemea," alisema, na akakataa hata kukaa. "Mimi Kiingereza sina. Huo mdomo umeniazima, Mungu akubariki nao." Lornah alifurahi, akampika jogoo yule vizuri. Zedekiah alichukua paja, akaliweka, akalichukua tena. Kila akimeza alijiona mwizi anayekula alichoiba mbele ya mwenyewe.

Baada ya hapo mafundi wakaja kuchimba mtaro wa bomba. Ulitoka barabara kuu, ukanyooka, ukapinda kuelekea lango la Ndungu. Wanawake wapangaji wakawaka. Asubuhi moja wakatoka na leso zao, wakaketi ndani ya mtaro, miguu wameinyoosha, wakasema hakuna bomba litakalopita hapo labda lipite juu ya mapaja yao. Mafundi wakaweka sululu chini. Zedekiah alikuwa anapita kwenda kazini, na moyo ukamruka kwa furaha. Aliona wanawake hawa watamtoa kwenye tope bila yeye kufungua mdomo.

Lakini Peres alikuja mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Tokeni! Mtatuharibia! Mzungu ameshaambiwa kila kitu, shemeji mwenyewe alimwambia, mlikuwa mnasikia. Mkifanya fujo sasa, tutaonekana ni sisi tunapenda vita. Tungojeni kikao cha pili, atatuambia ameamua nini." Akamwona Zedekiah amesimama pale. "Si ndiyo, shemeji?"

Wote wakamgeukia.

"Ndiyo," Zedekiah alisema. "Ngojeni kikao."

Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakakung'uta leso. Mafundi wakaokota sululu zao. Siku ile Zedekiah alitembea mpaka mjini kwa miguu, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu. Kule kikaoni alikuwa ameacha maneno tu. Hapa mtaroni alikuwa amedanganya kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, akimtazama usoni mwanamke aliyembeba mtoto wake.

Alimwambia Lornah. Ilibidi, maana alikuwa hali chakula, na mke wake alikuwa ameanza kumshuku mambo mengine. Lornah aliweka mwiko chini.

"Yaani Peres anangoja jibu ambalo hakuna mtu aliulizwa?"

"Nilitaka kumtunzia mzee heshima. Mbele ya mgeni..."

"Na Peres je? Yeye hana heshima ya kutunziwa? Nenda umwambie."

"Nitaenda."

Hakuenda. Akaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya maduka ili asipite mbele ya cherehani ya Peres. Hata hivyo aliisikia, maana Peres alikuwa na kazi nyingi, na kila akiisikia alikaza mwendo. Ukiwa na deni la namna hii huna raha hata kwako.

Siku ya kikao cha pili ikafika. Bomba lilikuwa limeshafika langoni kwa Ndungu, na ilibaki kazi ya mwisho tu, kuliingiza ndani na kufunga mfereji. Viti vilevile, vitambaa vilevile, chapati zilezile. Madam Karin alisema maneno mazuri kuhusu amani na mtaa unaojiongoza wenyewe, na Zedekiah akayafasiri vizuri, hata watu wakapiga makofi. Ndipo akauliza tena swali lake, kama kuna mwenye neno tofauti.

Wenzake wakamsukuma Peres. Akasimama, safari hii bila hasira, ametulia kabisa.

"Mimi sina mengi leo. Maneno yetu shemeji alishayafikisha. Tulitulia kama tulivyoambiwa. Nauliza tu, Madam aliamua nini?"

Madam Karin akamgeukia Zedekiah, anangoja.

Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini. Anauliza maji yataanza lini, Madam. Basi. Madam angetaja siku, watu wangepiga makofi, na kufikia jioni bomba lingekuwa limelala ndani ya ua wa Ndungu. Zedekiah alilisikia neno hilo likija. Akatazama nyuma, akawaona wanawake waliokuwa wameketi mtaroni, kila mmoja amemkazia macho, wanangoja haki yao kutoka kinywani mwake.

"Shemeji," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "sikuyafikisha."

Halafu akamgeukia Madam Karin na kusema yote kwa Kiingereza, bila kuvuta pumzi katikati: kamati ya wenye nyumba watupu, kisima kilichofungwa, watoto na maji ya mtaroni, barabarani na si uani. Akamalizia, "Anakuuliza umeamua nini. Hukuamua kitu, Madam, kwa sababu mimi nilikuficha."

Ndungu aliruka kutoka kitini. "Zedekiah! Unakula chapati yangu halafu unaniuza?" Madam Karin alikuwa mwekundu mpaka shingoni, naye alimtazama Peres peke yake.

Peres hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, macho hayakumwacha Zedekiah.

"Anasemaje?" Madam Karin akauliza.

Nani mwingine wa kumjibu? Zedekiah akayabeba na hayo, neno kwa neno, hakupunguza. "Anasema wanawake walikuwa wameshalizuia bomba wenyewe, na ni yeye aliyewaondoa. Anasema aliwaondoa kwa sababu aliniamini mimi."

Kazi ilisimamishwa siku hiyohiyo. Kamati ikachaguliwa upya chini ya macho ya wote, na Peres akaingia, pamoja na wapangaji wengine na mama mmoja Mswahili wa Mombasa aliyeuza mahamri. Ndungu alinuna kwa majuma, kisha akarudi, maana maji ni maji. Yeye na Peres waligombana kila kikao, wazi, mbele ya wageni na wasio wageni, na ajabu ni kwamba hakuna aliyefungiwa tena maji. Mtaro ukafukiwa, ukachimbwa mwingine, na mfereji ukawekwa barabarani. Madam Karin hakumfukuza Zedekiah. Alimbakiza ofisini, lakini Satellite akaletwa mkalimani mwingine. Kamati yenyewe ndiyo iliyoomba hivyo.

Siku ya kwanza ya maji, Lornah alimsukuma Zedekiah aende na debe. "Nenda wewe," alimwambia. "Utajificha mpaka lini?"

Foleni ilikuwa ndefu, watu wanacheka, watoto wanalowana makusudi. Peres ndiye aliyeshika ufunguo zamu hiyo. Zamu ya Zedekiah ilipofika, aliweka debe chini ya mfereji na kubaki ameinama, anangoja chochote, hata tusi. Angelipokea tusi kwa mikono miwili.

Peres alifungua maji. Alilijaza debe mpaka juu, hakumpunja hata kidogo, akamsaidia kuliinua begani.

"Haya," alisema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mpangaji yeyote. "Karibu tena, Bwana Zedekiah."