Nilimtuma Dereva Akaombe Msamaha Wangu

Msiniulize jina. Daktari alisema ni ini lililomuua mdogo wangu. Mimi nasema ni mimi.

Tulizaliwa watatu, huku miteremkoni mwa mlima Meru. Mimi ndiye wa kwanza, nina duka la spea za magari mjini, Ngarenaro. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, naleta mzigo kutoka Dubai, nikajiona mtu! Anayenifuata nitamwita Eliya. Kitinda mimba ni dada yetu, nitamwita Naomi, kaolewa mlima huohuo.

Eliya aliugua homa ya ini. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji. Daktari akatuambia, "Ini lake limekwisha. Mkifika India, ndugu anakatwa kipande cha ini lake anawekewa mgonjwa. Kinachobaki hukua tena."

Damu yangu haikuoana na yake. Ya Naomi ikaoana. Naomi hata hakuuliza kama inauma. "Wanikate," alisema, "mimi na Eliya tumelala kitanda kimoja utoto wote."

Lakini kwetu mwanamke aliyeolewa hapasuliwi hivihivi, lazima wakwe wakubali. Na baba mkwe wake alikuwa na kinyongo na mimi. Siku ya kumaliza matanga ya baba yetu, mzee huyo alikuja na watu wake na pombe ya ndizi, kwa heshima zote. Nikasema mbele za watu, "Hawa wamefuata nyama." Jamani, mdomo wangu! Aliondoka bila kula.

Sasa akaleta neno kwamba hana shida na Naomi kupasuliwa. Anataka nipande kwake na jani la sale. Wenyeji wa huku mnajua, mkosaji akikuletea sale kwa mkono wake, huwezi kumkatalia msamaha.

Mimi, mwenye duka, nikainame kwenye migomba kwa sababu ya neno moja? Nikamtuma dereva. Nikampa sale na kreti za bia kwenye pikapu, nikaona nimemaliza.

Dereva akarudi na kila kitu. "Bosi, mzee kasema hajakosana na dereva."

Nilivyokasirika! Nikamwambia Naomi wakwe zake wakae na ini lao. Wiki zikapita. Mama akipiga simu dukani, nasema nina wateja.

Kisha Eliya akatapika damu. Hapo ndipo nilipanda mwenyewe, kwenye matope, sale mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akalipokea sale hata sijamaliza kusema. "Yameisha, mwanangu. Wahini, mkamtibu mtoto." Akaita chai iletwe. Kumbe ni hivyo tu! Sikutukanwa, wala sikuambiwa nipige magoti.

Mimi na Naomi tulipofika hospitali, daktari akatikisa kichwa. "Hali aliyonayo sasa hawezi kusafiri. Hata akifika, hawawezi kumpasua." Tulimzika Eliya nyumbani, karibu na baba.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Nafungua duka, nauza fani belti, nacheka mteja akicheka. Mke wangu akiniuliza kama chakula kina chumvi, naitikia tu, ladha siijui. Watu wanasema nimejikaza kiume. Sijajikaza, ndugu zangu, sisikii kitu.

Juzi Naomi alikuja dukani. Nikajua sasa atanitukana, na nilitamani anitukane. Akauchukua mkono wangu, akauweka ubavuni kwake, upande wa kulia.

"Ini liko hapa, kaka. Lote," akasema. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake sokoni.

Wewe unayesoma haya, kama kuna mtu ulimkosea, usitume mtu wala usipeleke kreti. Nenda wewe, kwa miguu yako. Na uende mgonjwa wako angali anaweza kusafiri.