Muuguzi wa Chemba aliyekataa kutaja ugonjwa wa Anyesi

Asubuhi bado ina baridi, na sufuria la kuchemshia vyombo linatokota juu ya jiko la mafuta ya taa. Debora Chilewa anavuta pazia, anakaa mbele ya mama mmoja aliyejifunika kitenge hadi kidevuni, kisha anamuuliza anaumwa nini.

"Homa," anajibu yule mama.

Debora anampima joto. Homa hakuna. Anamuuliza habari za watoto, za shamba, za nyumba ngapi zimebomoka kwa mvua pale kijijini, kana kwamba siku nzima hana kazi nyingine. Halafu anashusha sauti. "Na huku chini ya kitovu pakoje?"

Mama anatupia jicho pazia. Nyuma ya pazia lile, kwenye benchi, wamekaa majirani zake. Debora anainuka, anawaomba wasogee nje wakaote jua, anarudi kukaa. Hapo ndipo mama anaanza kusema, taratibu, Kigogo kikichanganyika na Kiswahili, mambo aliyoyabeba tangu wakati wa palizi.

Hiyo ndiyo kazi ya Debora katika zahanati hii ndogo karibu na Chemba, wilayani Kondoa. Anazalisha, anachanja watoto, anafunga vidonda. Lakini wanawake wa vijiji vya jirani humfuata zaidi kwa yale wasiyoweza kuyataja nyumbani: uchafu unaotoka, maumivu wakati wa kukojoa, mimba zinazoharibika, tumbo lisiloshika mimba kabisa. Wenyewe huyaita yote chango.

"Mtu anakuja na kichwa, na homa, hata na mtoto wa jirani," anasema. "Ugonjwa wenyewe hautajwi. Nikikosea neno la kwanza, anaaga, na hutamwona tena."

Debora ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Ipagala, Dodoma mjini, wakati huo Ipagala ikiwa mashamba ya mtama, akasomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi wodini kabla ya kuhamishiwa huku. Mwaka juzi aliitwa mjini kwenye semina ya kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, kwa kuwa zahanati za vijijini hazina maabara. Huko alifundishwa jambo linalompa taabu hadi leo: mke akitibiwa, mume naye lazima atibiwe, la sivyo ugonjwa unarudi.

"Kuandika dawa ni rahisi," anasema. "Kumpata huyo mume ndiyo vita."

Vita aliyopigana mwezi Februari mwaka huu anaizungumza kwa sababu mgonjwa mwenyewe ameruhusu izungumzwe. Kwa ombi lake tutamwita Anyesi, na mumewe tutamwita Batholomeo.

Anyesi alifika zahanati akiwa ameinama kidogo, mkono tumboni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ndoa ya mwaka wa tatu, bila mtoto. Mumewe alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Tangu biashara ya mifugo iachwe huru, vijana wengi wa huku hununua ng'ombe minadani na kuwapeleka Pugu, Dar es Salaam, na Batholomeo alikuwa akikaa huko hata mwezi mzima. Mama mkwe, Bi Priska, alikuwa amemnywesha Anyesi kila mzizi unaojulikana kwa kutibu chango.

Debora alimpima, akaona njia ya uzazi ilivyovimba, akampa sindano na vidonge. Kisha akamwambia amwite mumewe.

"Nikimwambia hivyo atanirudisha kwetu siku hiyohiyo," Anyesi alisema.

Wakakubaliana aseme tu kwamba nesi anataka kuwaona wote wawili kuhusu kukosa mtoto. Ujumbe ukaenda. Batholomeo hakuja. Aliyekuja ni Bi Priska.

Debora alimwamkia, akamvutia kiti. Mama yule hakukaa. Alitaka kujua mkwe wake amekutwa na nini, kwani nyumba ni yake na mwana ni wake. Debora akamjibu kwa adabu kwamba habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Bi Priska aliuliza tena, sasa kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi, kama hapa ndipo wanapofichwa wahuni.

Wiki ile benchi lilipungua watu. Kisimani ilisemekana nesi anawafundisha wake za watu kudanganya. Mwenyekiti wa kijiji alimwita, akamshauri ataje tu ugonjwa ili maneno yaishe. Debora anakiri alilala akiwaza hivyo hivyo.

"Ningemwambia yule mama, maneno yangeisha kweli," anasema. "Na kesho yake asingekuja mwanamke hata mmoja."

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Anyesi hakurudi kuchunguzwa kama alivyoagizwa.

Siku chache baadaye Batholomeo aliingia. Alikuwa ametoka Pugu, buti zina tope, fimbo ya kuswagia mkononi. Hakutoa shikamoo. Alisukuma mlango ukajifunga nyuma yake, akasimama kati ya mlango na Debora.

"Mke wangu ana nini?"

"Muulize yeye."

"Nimeshamrudisha kwao. Nataka tu nijue kama nimemrudisha kwa haki."

Debora alimvutia kiti. Alimwambia akae. Hakukaa. Akamwambia ugonjwa wa mkewe hautautaja mdomo wake, leo wala kesho, ila yeye Batholomeo ni mgonjwa wake pia akitaka, na kwake ana swali moja.

"Ukikojoa, huumwi?"

Fimbo iliinuka kidogo, ikashuka, ikalazwa juu ya meza.

"Pugu maduka ya dawa ni mengi," alisema hatimaye.

Kisha yakatoka yote. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akinunua vidonge vya rangi mbili kwenye maduka ya dawa baridi, viwili leo, vitatu kesho, kadiri ya alichokuwa nacho mfukoni. Maumivu yakitulia anaacha. Yakirudi, ananunua tena. Hakuwahi kupimwa, na hakuwahi kufikiri kwamba anachokinyamazisha kwake kinaendelea kwa mwenzake.

Debora alimchoma sindano, akamweleza namna ya kumaliza vidonge. Kisha akamuuliza kama Anyesi aliondoka na dawa zake. Batholomeo akainamisha kichwa. Akasema mama yake alizikuta chini ya godoro akazitupa chooni.

"Aliondoka anatembeaje?"

"Alikuwa anajikongoja. Nilidhani ni hasira."

Debora alikwishachukua mkoba.

Kwa kina Anyesi ni ng'ambo ya korongo, na ulikuwa msimu wa mvua za El Nino. Batholomeo alimpata dereva wa lori la mahindi, Eliakimu, aliyekubali kuwafikisha ukingoni na kuwasubiri. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yakivuta miti mizima. Walisimama pale hadi jua likaegemea magharibi, Debora akihesabu moyoni tangu lini yule binti hajameza dawa. Maji yalipopungua hadi kiunoni walivuka wameshikilia fimbo moja.

Walimkuta Anyesi amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, mwili unachoma, tumbo gumu kama ubao. Debora hakuhitaji kuambiwa kwamba usaha umeshajaa ndani. Alimwekea dripu, na kina kaka zake wakamvusha korongo mabegani, juu ya kitanda cha kamba.

Kwenye lori Batholomeo alisimama akishikilia chupa ya dripu. Barabara ya Dodoma ilikuwa mashimo matupu. Anyesi alifumbua macho, akamtazama, akamuuliza amefuata nini.

Debora alijua jibu, na haikuwa kazi yake kulitoa. Alikaza macho kwenye matone.

"Ugonjwa ni wangu," Batholomeo alisema. "Mimi ndiye niliyekuletea."

Anyesi aligeuza uso upande wa mahindi.

Alipasuliwa hospitalini Dodoma usiku uleule. Usaha ulitolewa, na mrija mmoja wa uzazi ukaondolewa. Daktari alisema wangechelewa hadi kesho yake, wangekuwa wanazungumzia mazishi. Kuhusu mtoto, hakutaka kuahidi.

Alipopata nafuu Anyesi alikataa kwenda kwa mumewe. Alirudi kwao, akatoa sharti: Batholomeo aje aseme mbele ya wazazi wa pande zote kile alichokisema kwenye lori. Ilimchukua hadi baada ya mavuno. Alikuja, akasema, mama yake akiwa amekaa pale. Bi Priska aliinuka akaondoka, na mpaka leo akikutana na Debora njiani hupita upande wa pili.

Anyesi yuko na mumewe sasa. Wote wamemaliza dawa. Mimba bado haijaingia.

"Sijui kama itaingia," anasema, akiwa amekaa kwenye benchi la zahanati bila kujificha. "Lakini hakuna anayeninywesha mizizi tena, na tumbo haliniumi. Nimeanza kulala."

Debora anataka kuwafuata wanaume huko waliko. Ameiomba serikali ya kijiji kibanda kwenye uwanja wa mnada, jirani na panapotolewa vibali vya mifugo, akae humo siku za mnada na kuwatibu kabla hawajapanda malori. Kikao kimeliahirisha ombi lake mara mbili. Mjumbe mmoja aliona ni aibu mwanamke kukaa mnadani akizungumzia mikojo ya wanaume.

Debora hatasubiri kikao cha tatu. Batholomeo ameahidi kumpa turubai, na mnada ujao watalifunga kwenye miti ya boma la ng'ombe. Amekubali pia kuwa wa kwanza kuingia humo, watu wakimwona.

"Akitoka mzima, wa pili ataingia," anasema Debora, kisha anainuka kwenda kumwita mgonjwa anayefuata.