Sentensi Tuliyoificha Kwenye Programu

Nilipokuwa nasomea kompyuta Kakuma, nilikaa meza ya nyuma na mwanamke mmoja wa Sudan Kusini. Asubuhi aliuza maandazi kwenye kambi ya wakimbizi alikoishi, mchana akaja darasani na unga bado uko kwenye viwiko. Mimi kwetu ni Lodwar. Wiki nzima nililala kwa shangazi yangu Kakuma mjini, Ijumaa narudi nyumbani. Mwanamke huyo alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, nikamwita dada.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema mwenye tabia moja mbaya: akiona kazi nzuri, baada ya siku mbili inakuwa yake.

Mimi na dada tuliandika programu ya kupanga zamu za maji. Unaingiza nambari ya nyumba, inakuambia uje bombani saa ngapi. Mwalimu aliijaribu mara tatu, akatabasamu.

"Maafisa wanaangalia kazi za wanafunzi Lodwar wiki ijayo," akasema. "Niwekeeni kwenye flashi, nitaipeleka."

"Na sisi?" dada akauliza.

"Wewe huna kibali cha kutoka kambini. Nitawawakilisha."

Alipotoka, dada alinisogelea. "Tumpe ile faili ya mwisho peke yake."

Nilimwelewa mara moja. Programu huanza kama maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Kompaila, yaani programu ya kuyageuza kuwa lugha ya mashine, ikiyapokea inatoa faili nyingine. Kwanza kuna ile ambayo jina lake linaishia na herufi o, ambayo ni vipande visivyounganishwa. Ukiibonyeza haikufanyii lolote. Vipande vikishaunganishwa unapata faili inayojiendesha. Ukitaka, kompaila inakuachia pia faili ya amri fupi fupi za mashine, ambayo darasani ni dada tu aliyekuwa na subira ya kuisoma. Faili ya mwisho, ile inayojiendesha, ingefanya kazi vizuri Lodwar, lakini mwalimu asingeweza kugusa hata nukta ndani yake.

Hapo utundu ukanipanda. Kabla hatujaendesha kompaila, niliongeza mstari mmoja: mtu akiandika nyumba nambari 9999, programu imjibu, "Kazi hii ni ya wanawake wawili wa meza ya nyuma. Mwalimu anajua njia ya kibanda cha chai tu."

Dada alicheka mpaka akashika meza. Nyumba nambari 9999 haikuwepo popote. Tulijua hakuna atakayeiona.

Siku ya maonyesho nilikuwa nyumbani Lodwar, nikaenda ukumbini, nikakaa nyuma. Programu ilifanya kazi bila shida, projekta ikiionyesha ukutani. Watu wakapiga makofi. Kisha afisa mmoja, mama mwenye miwani, akasema, "Mwalimu, hebu tuonyeshe ulivyoiandika."

Mwalimu akatafuta kwenye flashi. Faili ilikuwa moja. Akaifungua kama barua ya kawaida, na ukuta mzima ukajaa alama za ajabu, miraba na vialama vya kuuliza.

"Hii ni lugha ya mashine," akasema kwa ujasiri, huku akiteremsha ukurasa. "Binadamu hawezi kuisoma."

Na hapo, katikati ya uchafu ule, ikatokea sentensi yangu. Nzima. Kiswahili safi.

Nilidhani kompaila imesaga kila kitu. Kumbe amri ndizo inazogeuza. Maneno ya kumwonyesha mtu inayaacha vilevile.

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Mwalimu aligeuka, akasoma, akavua kofia.

"Hao wanawake wako wapi?" mama yule akauliza.

Nilisimama, nikaeleza programu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alinishikia maiki. Hilo sijalisahau, maana angeweza kuondoka.

Nje nilimwomba msamaha. Akauliza, "Kibanda cha chai tu?"

"Na ofisini, mwalimu."

Alicheka bila kupenda. "Jumatatu mtanifundisha hizo faili, zote. Nilikuwa naogopa kuwauliza."

Nilimpigia dada simu pale pale. Alicheka mpaka nikasikia wateja wake wakiuliza kuna nini. Halafu akauliza:

"Walikupigia makofi?"

"Walipiga."

"Mimi pia ningetaka kusikia," akasema.

Nilimwambia mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Jumatatu, baada ya dada kumfundisha faili zote ubaoni, mwalimu aliandika barua ya kumwombea dada kibali, akaipeleka mwenyewe, akaifuatilia majuma mawili mpaka kibali kikatoka.

Mama wa miwani alikuwa ametualika tena. Safari hiyo dada alipanda jukwaani kwanza, amevaa gauni la kanisani. Akasalimia kwa Kiturkana, lugha ya watu wa Lodwar, "Ejok!" kwa lafudhi ya Juba, na ukumbi mzima ukamwitikia kwa sauti kubwa hata akasahau alichotaka kusema.