Siku Niliyokwenda Kuposa na Pua ya Fisi

Niliwahi kuingia ukweni nikiwa na pua ya fisi usoni. Haya, nimeshasema, chekeni mmalize kabisa, maana nikianza kusimulia sitaki mtu anikatize, na wala sitaki kusikia "Mwalimu, ulijitakia," kwa sababu hilo nimeshaambiwa na kila mtu kuanzia Kilosa mpaka Mikumi na bado siafiki.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kilosa, na nikimaliza kusahihisha madaftari huwa nachora. Nachora hadithi ya katuni, natoa fotokopi, nabana pini, wanafunzi wanaazimana mpaka kurasa zinachanika. Mhusika wangu anaitwa Dokta Sendwa. Watu wanasema eti ndiye adui wa hadithi, eti ni zimwi, na hapo ndipo damu yangu inapoanza kuchemka, kwa sababu Dokta Sendwa ni daktari wa mifugo, mtu mpole, aliyeona ng'ombe wa wafugaji wanakufa kwa ugonjwa usio na dawa, akajiuliza mbona fisi anakula mizoga ya ng'ombe hao hao na haugui, akatengeneza dawa kutoka kwenye damu ya fisi, na kwa kuwa hakutaka kuijaribu kwa mtu mwingine akajidunga yeye mwenyewe. Ndiyo akaharibika. Akinusa damu anageuka nusu fisi, anaingia zizini, anararua ndama. Akizinduka ni mtu tena, anaoga, anachukua mkoba wake, anaitwa kwenye zizi lile lile akashone vidonda, na anaposhona anaziona alama za meno na anajua ni meno ya nani. Sasa niambieni, huyo ni zimwi? Huyo ni mtu wa kulilia!

Basi. Mchumba wangu Zuhura anafundisha Kiswahili Mikumi, na shule yao ilikuwa na siku ya vitabu, akaniomba niende nikamwigize Dokta Sendwa mbele ya wanafunzi na wazazi. Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, Baba mdogo Salehe, ambaye ndiye mshenga wangu, alikuwa apeleke posa nyumbani kwa kina Zuhura, hapo hapo Mikumi, na mimi niwepo, nionekane. Nilikuwa nimeshanyoa vizuri, nimefuga na masharubu membamba ya kiungwana, nimepiga pasi kanzu. Niliona siku imejipanga yenyewe.

Pua ya fisi niliitengeneza kwa magazeti na uji wa ngano, manyoya nikaweka katani (kwetu katani haikosekani) niliyoichovya kwenye kahawa na majivu, meno nikakata kwenye dumu la mafuta. Ilikuwa inavutia, ilikuwa inatisha, na ilishikiliwa na mpira wa kuzungusha nyuma ya kichwa. Mpira ukakatika. Nimesimama nyuma ya bwalo la shule, watu wamejaa, mshereheshaji ameshalitaja jina langu, mpira unakatika! Mezani palikuwa na gundi ya viatu, sijui nani aliiacha, na mimi nikajiambia, tone dogo tu, hapa katikati ya nyusi na hapa mashavuni. Hilo ndilo kosa lote. Tone dogo. Kila kilichofuata ni watu wengine.

Nikatoka jukwaani. Mwanzoni mambo yalikwenda, watoto wa kidato cha kwanza walipiga kelele za woga, nikafurahi. Tatizo ni kwamba ile gundi ilipokauka iliibana pua yangu ya kweli, haipitishi hewa hata kidogo, na mtu aliyebanwa pua hawezi kutamka "m" wala "n". (Msinibishie. Jibaneni pua sasa hivi mseme "mimi".) Nikafika kwenye kile kipande ninachokipenda kuliko vyote, Dokta Sendwa amepiga magoti mbele ya ndama, anagundua, anafungua mikono, na anasema kwa uchungu, "Mimi ndiye niliyemuuma!" Ndivyo nilivyosema. Kilichotoka ni hiki:

"Bibi diye diliyebuuba!"

Sauti moja nyuma ikauliza, "Bibi gani tena?" Bwalo zima likaanguka kwa kicheko. Wazazi, walimu, mpishi, wote! Kwenye machozi ya Dokta Sendwa! Nikarudia kwa sauti zaidi, "Bibi! Bibi diye!" na wao wakaitikia kama mwitikio wa ngoma, "Bibiii!" Nikaona huu ni utovu wa adabu, nikatoka kwenye uigizaji nikawa mwalimu, nikawafokea wanyamaze, nikaanza kuwaeleza kwamba mtu huyu ana nafsi mbili na zote mbili zinaumia, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kushika mbavu, mpaka nikasema basi, naivua hii pua niwaseme vizuri.

Haikuvulika.

Nikavuta. Ngozi ikaja, pua ikabaki. Nikavuta kwa mikono miwili, nikazunguka, nikapiga goti, machozi yakanitoka, nikalia "Yalaaa!" kwa maumivu ya kweli, na hapo, jamani, hapo ndipo walipoacha kucheka, wakasimama wote, wakanipigia makofi. Mama mmoja alifuta macho. Wakati naigiza walinicheka, wakati naungua uso ndipo walipoona sanaa!

Zuhura alinivuta nyuma ya bwalo. "Umepaka nini?"

"Gudi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mwanafunzi aliyekunywa wino. "Idrisa. Ya viatu. Usoni. Siku ya posa." Akakimbilia jikoni kutafuta mafuta ya kula, akaniambia nisiguse kitu. Alipotoka tu, simu yangu ikaita. Baba mdogo. Ningeiacha iite, leo nisingekuwa nasimulia haya, lakini mtu unaachaje kupokea simu ya mshenga wako?

"Idrisa, uko wapi? Sisi tumeshafika, tumeshakaribishwa, wazee wanakungoja."

Nikataka kumwambia, mimi nimekwama, siwezi hata kupumua. Nikasema, "Bibi dibekwaba, Baba bdogo, siwezi hata kupubua."

"Bibi? Bibi kafanyaje? Hawezi kupumua?"

"Sio bibi! Bibi! Bibi!"

"Usilie, mwanangu. Nieleze taratibu. Yuko katika hali gani?"

Mimi huku nikawa nimeingiza kidole chini ya ile pua naivuta, nikamjibu kilichokuwa kichwani mwangu: "Bado haijatoka!"

"Roho haijatoka?"

Hapo ukingo mmoja ukabanduka pamoja na nyusi, nikapiga ukelele, simu ikaanguka. Nilipoiokota nikamsikia Baba mdogo kwa mbali anasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akakata.

Nataka mwelewe kwamba bibi yangu, mama yake Baba mdogo huyo huyo, alikuwa mzima wa afya kijijini kwake Kisanga, na muda ule alikuwa shambani anapalilia mpunga. Nikapiga tena, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikaandika ujumbe, lakini Baba mdogo ujumbe husomewa na binti yake, na binti yake alikuwa Kilosa. Na kwa nini simu ilikuwa inatumika? Kwa sababu alikuwa anapiga Kisanga, kwa jirani, kuulizia mazishi!

Mafuta ya kula hayakusaidia, yalinifanya ning'ae tu. Zuhura akasema twende nyumbani, mama yake ana samli na ana subira. Akanifunika kanga kichwani mpaka kifuani, akanishika mkono, tukapita barabarani mimi nikiwa nimeinama, nahema kwa kwikwi, na kila tuliyekutana naye alisema, "Pole sana dada, Mungu akutie nguvu." Pole dada! Na masharubu yangu yamo humo ndani.

Tulipofika nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani wanawake wamekaa mkekani, baba yake Zuhura, Mzee Mbaruku, mtu mzito asiyecheka ovyo, ameshika msahafu, na Baba mdogo wangu macho mekundu. Akanyanyuka, akanikumbatia kwa nguvu, "Jikaze, mwanangu, bibi kapumzika," na kwa kunikumbatia kule kanga ikateleza.

Sitawaeleza ukelele uliopigwa. Fisi, msibani, kavaa kanzu. Shangazi mmoja aliruka nje kupitia dirishani na mkeka wake. Lakini mimi nililelewa, na mtu aliyelelewa akiingia ukweni anasalimu kwanza, hata kama ana meno ya dumu. Nikapiga goti, nikamsalimu baba mkwe, nikamgeukia mama mkwe nikamsalimu na yeye.

"Shikaboo, baba. Shikaboo, baba."

Mama mkwe akajitazama. "Mimi ndiye baba?"

"Idrisa," Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "hata kama una uchungu, hivi ndivyo mtu anavyoomboleza?"

Kabla Zuhura hajafungua mdomo, simu ya Baba mdogo ikaita. Yeye husikiliza simu kwa spika kwa sababu sikio moja ni zito. Chumba kizima kikasikia sauti ya bibi yangu kutoka Kisanga, kavu, yenye nguvu zake zote.

"Salehe! Nani kaniua?"

Baba mdogo akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

"Natoka shambani nakuta watu wamejaa uani kwangu wananilia. Jirani ameshaanza kuulizia shamba langu la mpunga litalimwa na nani. Nauliza, nani kaniua?"

Wote wakanigeukia. Nikaona hapa hapana pa kukimbilia, mwanaume anakiri. "Bibi," nikasema.

"Nini?"

"Bibi!"

"Yaani nimejiua mwenyewe?"

Zuhura alishindwa. Alijaribu kueleza, alifika kwenye neno "gundi" akajikunja, akaanza upya, akafika kwenye "viatu" akalala kabisa mkekani. Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli, hasira ya kumkasirikia hata yeye. Mimi uso unawaka, posa yangu imegeuka msiba, msiba umegeuka kichekesho, na hakuna hata mtu mmoja katika wilaya nzima anayenionea huruma! Mwishowe alieleza, wanawake wakamfuata kwa kicheko, hata shangazi akarudi kwa kupitia mlango. Mzee Mbaruku peke yake hakucheka. Aliniambia nikae. Mama mkwe akapasha samli, akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto wa kunyonya, akaanza kunisugua taratibu kuanzia kwenye shavu.

Zuhura alikuwa na nakala ya katuni yangu kwenye mkoba. Baba yake akaiomba, akavaa miwani, akaisoma. Aliisoma yote, bila haraka, na wengine walipoona anasoma wakaacha kucheka. Mimi nimefumba macho, samli inaingia puani, nasikia kurasa tu. Nilijua naambiwa niondoke. Baba gani anamwoza binti yake kwa mtu wa namna hii?

"Huyu daktari," akasema, "akishajua ni yeye anayeuma, kwa nini hajifungi kamba?"

"Adajifuga," nikasema. "Ila akidusa dabu, kaba idakatika."

Akafunua ukurasa mwingine. "Na mkewe alimkimbia."

"Dio."

"Na asubuhi anarudi zizini kutibu."

"Kila asubuhi."

Mzee Mbaruku akavua miwani. "Huyu si mbaya," akasema. "Huyu anaumwa." Na akaifunga ile katuni kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza, mbali na sahani ya samli isije ikachafuka.

Wakati huo huo pua ikatoka. Ilitoka na nusu ya masharubu yangu, upande wa kushoto, lakini sikulia, au nililia, sijui, samli ilikuwa nyingi.

Posa haikusemwa siku hiyo. Mzee Mbaruku alisema nyumba ikishapokea pole haiwezi kupokea posa siku hiyo hiyo, hata kama maiti anapiga simu, akatuambia turudi Jumamosi nyingine. Tulirudi, nikiwa na uso mwekundu na bila sharubu hata moja, wakakubali, na mwaka huu Mungu akipenda tunafunga ndoa. Dokta Sendwa naendelea kumchora, ila kuigiza basi. Atakayenialika jukwaani, nitakuja na kalamu. Na gundi ya viatu nikiiona hata kwa fundi barabarani navuka upande wa pili, wala sioni aibu kusema.

Kinachoniuma hadi leo ni mchele. Watu wa Kisanga walipeleka mchele na sukari ya msiba kwa bibi, na mimi nikaenda kumwangukia miguuni, kumwomba radhi, na kumwomba arudishe vitu vya watu, kwa kuwa wanakijiji wananidai mimi heshima hiyo. Bibi akaniangalia kutoka juu ya ungo wake, anapepeta mchele huo huo mbele ya macho yangu.

"Vya msiba hupewa mfiwa," akasema. "Na katika msiba huu, kila nikikuuliza ni nani, unajibu 'bibi'."