Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapofungua kopo la vifungo. Nilikuwa bado kijana. Tulikuwa tumetoka Bukavu wawili tu, mimi na mume wangu Deo, na pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, tulikuwa na cherehani moja. Mimi nakata, yeye anashona. Macho yangu hayakuwa mazuri tangu utotoni, kwa hiyo kila asubuhi yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano ya mkono, huku akinitania eti nilimkubali kwa ajili ya macho yake tu.

Fundi hatupi kipande. Hiyo ndiyo tabia yetu, na mimi kwa ujanja wangu nikaihamishia kwenye dawa. Deo alipoumwa tumbo, kliniki walimpa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu akaamka anapiga mluzi.

"Mi niko muzuri sasa," alisema.

"Basi tubakishe," nikamjibu, nikavitia vilivyobaki kwenye kopo la vifungo.

Tumbo lilirudi mara nyingi mwaka ule. Kila mara nilimpa viwili vitatu kutoka kwenye kopo, nikijiona mke mwerevu, na kila kliniki walipotupa vingine nilibakisha tena. Majirani nao walikuja kuomba, nikawagawia. Mwishowe homa ikamshika ikakataa kushuka, mgongo ukamuuma asiweze kuinamia cherehani. Tukampeleka hospitali Lilongwe.

Mama mmoja mzee wa kanisani, mtu wa Uvira, ndiye aliyetutafsiria maneno ya daktari. Alinieleza polepole. Vijidudu vya tumboni, vile vinavyoishi pasipo hewa, vilikuwa vimeingia kwenye damu, na dawa tuliyoizoea haikuviua tena. Vilikuwa vimeshika ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, nao ulikuwa umelegea na kuvimba mahali pamoja, kama kitambaa kilichochakaa. Kisha mama yule akaniuliza:

"Alimezaka dawa siku ngapi?"

Nikamweleza habari ya kopo. Akanishika mkono.

"Dawa habaibakishake, binti yangu. Banaimaliza." Yaani dawa haibakishwi, humalizwa.

Daktari hakusema kosa ni langu. Alisema hakuna awezaye kujua kwa hakika vijidudu vile vilipata wapi ukaidi wao. Mshipa ulipasuka kabla dawa nyingine haijafanya kazi, nami nikarudi Dzaleka bila Deo.

Namkosa, mwanangu. Nimezeeka nikimkosa. Nguo nimeshona nyingi tangu hapo, na mpaka leo sindano naipeleka kwa jirani anitungie, halafu narudi polepole nisionekane nimelia.

Kwa hiyo nikuambie waziwazi. Ukiandikiwa siku saba, meza siku saba, hata ukiamka unapiga mluzi. Dawa yako usimpe jirani, na ya jirani usiimeze. Homa ikikataa kushuka usingoje. Nenda hospitali, useme ukweli wote wa ulichomeza. Na Mungu akupe mtu wa kukutungia uzi, akuachie huyo mpaka mzeeke wote wawili.