Mkataba wa Kutafsiri Bure

Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, ingawa wakati ule hatukujua. Nilikuwa nahudumia duka la intaneti katikati ya Bujumbura, na asubuhi, kabla ya wateja kufika, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akija tukae kwenye kompyuta moja. Tulikuwa tunatafsiri kwa Kiswahili programu huria ya kuandikia barua, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha bila kulipa. Sisi pia hatukulipwa. Mwalimu alinizidi mbali katika kuchagua maneno. Akikataa neno, alisema, "Hili wanafunzi wangu watalicheka," na kweli lilikuwa la kuchekesha.

Kazi ilipokamilika, wenye mradi, watu wa ng'ambo, walitutumia mkataba wa leseni. Kila mmoja wetu auchapishe, aandike jina kamili na anwani ya nyumbani, atie sahihi, aurudishe kwa posta.

Mwalimu aliusoma. Alikuwa amekimbia vita mtaani kwake Kanyosha pamoja na watoto wake, analala kwa jamaa huku na kule.

"Kaka, adresi gani mi niandike?"

"Andika ya hapa dukani."

"Na jina? Hii karatasi itapita mikono ya nani? Apana. Siku hizi mutu haandiki jina yake na mahali analala."

Niliwaandikia wenye mradi. Walijibu kwa upole kwamba mawakili wao ndio waliotaka hivyo. Bila sahihi, sehemu aliyotafsiri mwalimu haipokelewi. Nilibishana nao miezi mingi. Yeye akaacha kuja.

Hatimaye walilegeza masharti. Sasa ilitosha mtu kuandika mstari mmoja kwenye barua pepe, kwamba kazi ni yake na anaitoa kwa leseni ile, kwa jina lolote analotumia. Nikaenda mbio hadi mtaa wa Mutakura, mwalimu alikohamia, nikamkuta sokoni akiuza vitenge.

"Mustari moja tu?" aliuliza.

"Mmoja tu, mwalimu."

Alikunja kitenge taratibu. "Mbona hawakusema vile tangu mwanzo? Nilipenda ile kazi sana, kaka. Sasa moyo umeshatoka."

Nilitaka kumsihi, lakini mteja alifika, naye akageuka kumhudumia.

Watu wengine walitafsiri upya sehemu yake. Programu ilipotoka, wateja wachache waliijaribu, wakaniomba niwarudishie ile ya Kifaransa. Kiswahili cha sehemu ile kilikuwa kigumu, hata mimi kilinishinda mahali pengine. Niliwarudishia, na roho iliniuma siku nzima.