Upepo Uliofichwa na Mvua

Ofisini walimwita Mama Upepo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisoma upepo wa baharini kutoka kwenye vipimo vya setilaiti na kuwaandikia manahodha tahadhari. Setilaiti hutuma mawimbi ya redio yakagonga maji na kurudi. Upepo ukiuchafua uso wa bahari, yanayorudi hubadilika, na kompyuta hukadiria kasi. Adui wa hesabu hiyo ni mvua. Matone huutibua uso wa maji, na mvua kubwa huyameza mawimbi yakiwa njiani.

Mwaka uliotangulia alitangaza dhoruba, meli zikalala bandarini siku mbili, kumbe ilikuwa mvua tupu. Mkuu wake alimsema mbele ya watu. Wenzake wakamtania kwamba akiona manyunyu anatafuta boya. Alicheka nao, lakini lilimkaa rohoni.

Asubuhi ya Jumanne moja vipimo vilionyesha kilomita ishirini na tano kwa saa, ndani ya doa kubwa la mvua, kila kimoja kikiwa na alama ya shaka. Moyo ukamwambia mvua inaficha kitu. Alimwendea mkuu, naye akamuuliza kama ana ushahidi. Hakuwa nao. Akaandika "upepo wa wastani", akatuma.

Muda si mrefu mdogo wake akapiga simu. Walikuwa tumbo moja, naye alikuwa fundi wa injini kwenye meli ndogo ya kuvuta matishali, vyombo vya mizigo visivyo na injini.

"Dada, nahodha anauliza kama tutoke."

"Taarifa inasema mtoke."

"Sikuulizi taarifa. Nakuuliza wewe."

 Akaliona tena lile doa kwenye kioo cha kompyuta, na alama zake za shaka.

"Tokeni," akasema.

Saa nane mchana meli ya mizigo iliyokuwa karibu na doa ikaripoti kilomita tisini na tano kwa saa. Aliishika redio akamwita mdogo wake mpaka sauti ikamkauka. Mkuu alikuja, akasimama nyuma yake. Jioni mama yao akapiga simu kuuliza kama bahari ilikuwa shwari. Akakata simu bila kujibu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake maishani.

Siku ya tatu iliokotwa boti ya mpira ya kujiokolea ikiwa na watu wanne kati ya sita. Mdogo wake alikuwamo, midomo imepasuka kwa chumvi. Nahodha na mpishi hawakuonekana tena.

Hospitalini alimweleza yote: doa, alama, na shaka aliyokuwa nayo wakati akimjibu kwenye simu.

"Ungeniambia hivyo tu," mdogo wake akasema. "Kwamba hujui. Tungebaki."

Akageukia ukutani. Alipopona alirudi kwa mama yao, na tangu siku hiyo salamu za dada yake huzipokea kupitia kwa mama.